Kadibodi Saba

Jumatatu, theluji ya kwanza ya Novemba,
niliwakabidhi gari langu likiwa kavu tumboni:
kumwaga oili, kubadili chujio, kuvaa matairi ya baridi.
Wakanirudishia saa nane na robo,
limeoshwa, lina karatasi safi pa kukanyagia
na peremende ya mnanaa juu ya dashibodi,
kana kwamba mimi ni mtoto aliyetoka kung'olewa jino.

Asubuhi yake, pale lilipolala,
theluji ilikuwa na doa.
Si kubwa. Kama sarafu.
Nikainama, magoti yakalalamika kwa niaba yangu,
nikachovya kidole, nikanusa.
Miaka thelathini na mmoja niliendesha basi la shule
kutoka Mtaa wa Bay hadi Kakabeka;
pua yangu hutenga oili mpya na kuukuu
kama mama atengavyo kilio cha njaa na kilio cha deko.
Hii ilikuwa mpya. Ilikuwa yao.

Nikapiga simu. Sauti changa ikasema,
"Gari lako ni la siku nyingi, mama."
Nikasema: nami pia, lakini sivuji.

Basi nikakata boksi la jokofu la jirani,
nikatandika kipande chini ya injini kila usiku,
na kila kukicha nikaandika pembeni kwa wino:
tarehe, saa, nyuzi za baridi.
Eero, mwanangu, akapiga kutoka Calgary:
"Achana nao, mama. Peleka kwingine, lipa, ulale."
Silali, nikamwambia, nasikiliza.
"Tone halisikiki likianguka."
Ngoja ufike sabini na miwili.

Siku ya nane niliingia na kadibodi saba kwapani.
Bwana Pelech, meneja wa huduma, akanionyesha kiti,
akanionyesha mashine ya kahawa,
akanionyesha meno.
Sikuketi. Nilizipanga sakafuni, juu ya vigae vyao vyeupe,
kutoka mlangoni hadi kwenye gurudumu la pikapu jekundu la maonyesho,
na waliokuwa wakingoja wakainua miguu nipite.
Ya kwanza sarafu. Ya pili kisahani.
Ya tano ndogo kuliko zote: siku ile sikutoka nyumbani,
na hilo pia nimeliandika.

"Hii haithibitishi kitu," alisema, kwa upole wa mtu anayefunga mlango.
"Nati huenda ilikuwa mbovu kabla."
Nikatoa risiti. Mstari wa tisa, kwa mkono wao:
*Chini ya gari: hakuna mvujo.* Saini: D.W.
Maji yakimwagika hayazoleki, sawa.
Oili ikimwagika huandika.

Kimya. Mashine ya kahawa ikakohoa.
Ndipo akatoka nyuma kijana anajifuta mikono,
kifuani ameandikwa Dallas,
akazitazama kadibodi moja moja, kama mtu asomaye barua yake mwenyewe,
wala hakumtazama bosi.
"Nilikaza mno," akasema. "Nilisikia nyuzi zikilia.
Nilisema. Nikaambiwa itashika."

Nilikuja na hasira ya kutosha watu watatu,
na ghafla sikujua niiweke wapi.
Yule mtoto masikio yalikuwa mekundu.
Nimewabeba wengi wa umri wake, wakijikunyata kiti cha nyuma
siku waliyovunja dirisha.

Sampu mpya, nati mpya, oili mpya, bila senti yangu moja.
Pelech alitaka nisaini kwamba nimeridhika.
Nikaongeza kwa mkono wangu, chini ya mstari:
*fundi asikatwe mshahara.*
Akasema fomu haina nafasi ya hayo.
Nikamwonyesha kwamba ilikuwa nayo.
Kama waliheshimu, sijui. Nitauliza masika, nikirudi kuvua matairi.

Usiku ule nilitandika kadibodi ya nane.
Kulipokucha ilikuwa kavu, ngumu kwa baridi,
bila hata nukta.
Niliandika tarehe hata hivyo.