Nukta-mkato

Mzani mpya wa chai hapa Kyimbila haujui kusema uongo,
ila haujui pia kusema na kompyuta yetu.
Mzani umekuja na simu janja yake,
imefungwa mnyororo kama mbwa wa mlinzi.
Kompyuta tuliirithi kwa masista wa Kijerumani;
ukiiwasha hukohoa, kisha kila asubuhi huandika:
Mfumo huu hauhudumiwi tena.
Nami huijibu: hata mimi, shoga. Amka tufanye kazi.

Mwezi wa tatu, mvua haina adabu ya kupumzika.
Mnara uko ng'ambo ya ukungu.
Laini moja hushika kwenye kona ya choo cha walimu,
nyingine hushika ukipanda jiwe la kunolea mapanga,
ya tatu hushika inapotaka yenyewe.
Mtu akiaga, "Nakwenda jiweni,"
hakuna anayemuuliza kufanya nini.

Nikaenda jiweni, nikawapigia wenye programu.
Wana adabu sana. Wakauliza natumia toleo gani.
Nikataja. Kikapita kimya,
kile kimya cha mtu uliyemtajia ugonjwa.
"Dada, tunakushauri ununue nyingine."
Chini yangu naona magunia, matope,
mwenyekiti anahesabu sarafu za mafuta ya jenereta.
Nikasema ahsante.

Mimi Mbena wa Njombe. Niliolewa huku
na "Kamwene" yangu mdomoni;
mama mkwe akanipokea kwa "Ugonile,"
tukatazamana kama simu na chaja isiyo yake.
Hatukufundishana lugha nzima.
Tuliokota maneno machache yasiyovunjika,
maji, chumvi, kuni, pole,
tukapikia hayo miaka miwili.

Basi nikaiambia simu ivue mapambo:
rangi, picha, majedwali yenye kiburi.
Iandike maandishi matupu, jina na kilo,
mstari kwa mstari, katikati mkato
kama uzio wa matete.
Faili nikalibeba kwenye flashi, flashi ndani ya soksi lisilolowa.
Kompyuta ikakohoa. Ikasoma.
Nililia kidogo. Anyosisye asijue.

Jumamosi tukagawa stakabadhi.
Jumatatu, kabla ya gari la kiwandani,
Bi Tusekile alisimama mlangoni,
mwavuli umevunjika mbavu mbili.
"Nilichuma ishirini na tatu na nusu.
Hapa mmeniandikia mia mbili thelathini na tano.
Mgongo wangu hauzikumbuki hizo nyingine."

Nukta.
Simu iliandika nusu kwa nukta.
Kompyuta, kwa malezi ya masista, nusu huiandika kwa mkato;
nukta kwake ni pumzi tu kati ya maelfu,
ikaimeza kama punje ya ulezi.
Wenye kilo kamili walisalimika.
Wenye nusu walikuwa kumi na watatu.
Kumi na wawili walikuwa bado nyumbani,
wanapanga bati za kununua.
Siwalaumu. Mashine ndiyo iliyowaahidi.

Nikaketi. Nikabadili uzio:
mkato abaki na nusu zake,
na mpakani nikaweka nukta-mkato,
alama ambayo shuleni sikujua kazi yake,
mmoja kasimama kichwani pa mwenzie
na hakuna anayeanguka.
Ikasoma vema. 23,5.
Nikabonyeza chapa. Printa ikagoma:
dereva hajulikani.

Bi Tusekile akauliza dereva ni mtoto wa nani,
labda anamjua.

Gari la kiwandani lilikwisha kupiga honi.
Nikachukua kalamu ya wino, karatasi ya daftari,
nikamwandikia kwa mkono:
kilo ishirini na tatu na nusu, na sahihi yangu.
Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.
"Hii," akasema, "inasomeka."
Akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la khanga,
akarudi mvuani.