Mikono ya Aslaug

Mama hawezi tena kutunga uzi sindanoni.
Hushika kikombe kwa mikono miwili
na bado kahawa humwagika,
duara la hudhurungi juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe
enzi vidole vilipokuwa vyake.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Røros, theluji madirishani.
Daktari Tveiten alimpa koti jeupe na kijiko cha chuma,
akamwelekeza: vipande vya shaba na zebaki, weka hapa,
washa spiriti, ngoja jasho litoke.
Ndivyo alivyoliita, jasho.
Halafu ponda. Halafu kamua kwa kitambaa,
mkono mtupu, hadi kibaki kitonge laini
cha kuzibia meno ya watoto wa shule.

Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nani afungue dirisha?

Tone likianguka lilizaa matone,
matone yakazaa punje,
punje zikakimbilia nyufa za mbao,
naye akizifukuza kwa kadi ya posta, akicheka.
Nyingine aliniletea nyumbani ndani ya kichupa.
Nikaviringisha kiganjani. Zito. Baridi.
Sikujua kitu chaweza kutiririka hivyo na kisiloweshe.

Yalianza kupotea majina. Kisha usingizi.
Kisha fizi zikavuja damu, fizi za mama,
aliyefundisha wilaya nzima kupiga mswaki.
“Umri,” walisema. “Huzuni.”
Mtu wa bima akaandika: hakuna uthibitisho.
Ingebjørg wa zahanati ya ng'ambo ya mto
aliandikiwa maneno yale yale, hadi nukta.

Jino la pembe si dawa ya pengo.
La fedha lilikuwa dawa, tena lilidumu;
hakuna aliyeuliza limekandwa na nani.

Mimi ninavyo vizibo viwili, magego ya chini.
Daktari wangu asema kinachovuja humo ni kidogo,
kuving'oa ndiko kutimua mvuke. Viache.
Namwamini, mchana.
Usiku ulimi huenda kuvipapasa.

Jana dukani mzee Oddvar alicheka kinywa wazi.
Mama akachungulia, akanivuta mkono:
“Lile la nyuma, la kijivu, nililikanda mimi,”
kwa fahari, jamani, kwa fahari,
huku sarafu zikimponyoka,
zikiviringika sakafuni, kila moja na njia yake.