Wiki Tatu Zisizo na Namba

Mama hupiga simu kutoka Maskati,
kwa Kiswahili chake cha Pemba kisichozeeka:
"Ati mwafunga mapangaboi huko majabalini?
Na hiyo dari iko wapi?"

Nacheka. Huku juu dari ni ukungu, miezi mitatu,
kisha hakuna.
Nyumba saba, tangi moja la plastiki,
na jenereta la Bakhit bin Suhail, likikohoa kila magharibi
kama mgonjwa asiyetaka kuwasumbua wageni.

Mlingoti wetu wa kupimia ulisimama mwaka mzima,
mita themanini, vikombe vitatu kileleni
vikizunguka, vikihesabu.
Mwezi wa tano akaja Samha, ngamia jike,
akajikuna shingo kwenye waya.
Akajikuna kwa raha zake, kama mwenye milki.
Waya ukakatika.
Kwenye kompyuta, wiki tatu: nyeupe.

Injinia akataka fidia.
Bakhit hakubishana. Aliketi juu ya tairi kuukuu,
akamimina chai ya maziwa, akaanza:

"Siku nne za mwanzo ulitoka kusini, mnyonge,
haukuweza kuinua hata leso.
Usiku wa tano uligeuka.
Najua, maana ngamia walilala wameupa mgongo,
mikia yote ikitazama Thumrait.
Jumanne ya pili uliniibia turubai.
Nililikuta kwa binamu yangu, kilomita sita,
akaapa ni lake."

Niliandika yote. Fomu haina safu ya mikia,
haina safu ya turubai.
Nikayabana maneno yake pembeni, kwa penseli.
Ofisini waliliziba pengo kwa wastani.

Sasa minara kumi na mitatu imesimama.
Umeme unateremka hadi Salala
kwa nyaya zinazopita juu ya paa lake
bila kubisha hodi.
"Mwakani," tunamwambia.
Hata mimi nimelisema, mara mbili,
ya pili nikitazama viatu vyangu.

Jenereta bado linakohoa.
Lakini mchana, jua likichoma,
mnara namba nane huangusha kivuli chembamba juu ya kokoto
na Samha hulala ndani yake.
Kivuli kikihama, huinuka,
husogea hatua mbili, hulala tena.
Kutwa nzima hivyo.
Bakhit hutazama amefika wapi,
kisha huadhini.