Mara Mbili kwa Mwaka

Mume wangu huja mara mbili kwa mwaka:
Pasaka, na ile wiki ya Krismasi
migodi ya Welkom inapofungwa
na mabasi kupanga foleni kwenye daraja la Maputsoe.
Huja na blanketi jipya, na kikohozi kilekile,
na harufu ya sabuni nisiyoinunua mimi.
Simuulizi. Swali hilo lina mlango mmoja wa kutokea
na nje ya mlango wamesimama watoto wawili na karo yao.

Mwaka juzi nilimeza vidonge, kimoja kila jioni.
Nilivificha ndani ya buti la mvua.
Lakini vidonge vina mdomo.
Chaka-chaka, chaka-chaka, kila nilipogusa buti,
hata mama mkwe, asiyesikia akiitwa kupokea ndoo,
akavisikia ukuta wa pili.
"Unaumwa nini, Keneuoe? Umemletea nini mwanangu?"
Mimi!
Nimletee mimi!
Usiku ule nilivimwaga chooni, kimoja kimoja,
kama mtu anayelipa deni la mwenziwe.

Kiwandani nashona jinzi. Zipu, zipu, zipu,
mia nne na ishirini kwa zamu,
suruali za wanaume nisiowajua.
Sindano naijua. Iliwahi kupita kwenye ukucha wangu
ikatokea upande wa pili na uzi wake,
msimamizi akasema: usichafue kitambaa.
Kwa hiyo Sista 'Malineo alipoinua yake
nikacheka. Hiyo?
Hiyo hata haijui kushona.

Kwanza alinitoboa kidole, tukangoja.
Mstari mmoja.
Nimeshona mistari miaka tisa,
sijaona ulionyooka kama ule.
Kisha tumboni, kando ya kitovu, baridi, halafu moto,
mara mbili; na vidonge viwili pale pale, viwili kesho yake,
basi. "Miezi sita," akasema.
"Haizuii mimba, haizuii kaswende,
usije ukasema sikukwambia."
Akaandika tarehe kwenye kadi, kwa penseli,
nikairudishia wino mwenyewe.

Nilirudi nyumbani na upepo wa Oktoba
nikampita mama mkwe mlangoni, nikainama, nikavua viatu.
Hakuna kilicholia.

Krismasi akaja. Usiku, chini ya blanketi jipya,
kidole chake kikavu kikasimama.
"Nini hiki?"
Pale chini ya ngozi, kimviringo, kama kifungo cha shati.
Ningesema jipu.
Ningesema ukweli, nao ukweli ulifika hadi kwenye meno
ukachungulia, ukarudi.
"Fundo," nikasema. "Fundi asiyepiga fundo
kazi yake hufumuka."

Akanyamaza. Ukutani mama yake akajigeuza.
Mkono wake haukuondoka,
ulikaa pale kama mtu aliyekuta mlango umefungwa
na asijue kama abishe.

Siku ya nne, akifunga kamba za viatu,
uso wake kwenye viatu:
"Hilo fundo. Na wanaume hupigwa?"

Nikamwambia hupigwa.
Nikamwambia foleni huanza saa kumi na moja alfajiri,
aje na kitambulisho, aje na kofia.
Nikamwambia zahanati itafunguliwa tarehe tatu.

Basi lake lilikuwa la tarehe mbili.