Daftari la Pigachuma

Ukitoka Ruai, ukaiacha lami, ukafuata vumbi jeupe
mpaka mbuzi wasijisumbue kukupisha, umefika:
maduka kumi na moja, kinu kimoja,
kanisa la mawe yaliyokataliwa na wanunuzi,
na shimo.

Shimo ndilo mzaliwa wa kwanza.
Sisi wengine tulikuja kuliangalia.

Mkandarasi Devshi alipima kwa kamba, akachoma nyasi,
akaandika wanaume thelathini na wawili
kwa ujira wa unga na ahadi.
Ahadi zilifika kwa wakati.

Baba, Kasyoka wa Nthiwa, alikuwa wa kumi na tisa.
Namba hiyo aliichonga kwenye mpini wa nyundo, kwenye kigoda,
na katika kila jiwe la kumi alilolisawazisha,
upande ule utakaolala ndani ya saruji.
"Kuna benki kule mjini," alisema, "imenificha kifuani."
Hakuwahi kuingia ndani ya benki.

Kipande cha reli kilining'inia kwenye nguzo.
Kabla ya baruti kilipigwa mara tatu:
ya kwanza, ita watoto;
ya pili, funika sufuria;
ya tatu, usiseme neno.
Jina letu lilitoka hapo. Wapo wanaodai alikuwepo mhunzi.
Hapakuwa na mhunzi. Andika hivyo.

Mwaka wa mvua kubwa shimo lilitoboka chini.
Maji yakapanda usiku kucha, bila kelele, kama mgeni mwenye haya;
kulipokucha winchi ya Devshi imezama, na Devshi kahama.
Tulingoja mshahara wiki tatu.
Kisha Mama Nekesa akateremka na beseni, akaanza kufua.
Basi tukabaki.

Mimi ndiye karani wa chama cha maziko, mwaka wa ishirini na sita huu.
Nasoma kama lilivyo:

*Abonyo katoa kuku wawili badala ya pesa. Jogoo ana mafua. Imekubaliwa.*
*Hirsi kaleta maziwa ya ngamia matangani. Waliokunja pua ndio walioyamaliza.*
*Gathogo kalipa faini ya kuchelewa, mara ya saba. Kasema atachelewa hata kuzikwa kwake. Wanachama walicheka.*
*Kifungo cha shati kimekutwa ndani ya bahasha ya michango. Hakuna aliyekiri.*
*Gathogo: gari lilikwama kwenye udongo mweusi, jeneza likabebwa mabegani, likafika saa tisa badala ya saa sita. Faini imefutwa.*

Sasa wanakuja vijana wenye mashine ya miguu mitatu,
wanachungulia, wanapigilia vigingi vyekundu
hata katikati ya goli la watoto.
Waliuliza shimo ni la nani.
Shikanga wa kinu akawajibu bila kuzima mtambo:
"Shimo liko mjini, ghorofa kwa ghorofa.
Hapa tulibakishiwa nafasi yake tu."

Juzi usiku reli iliibwa. Chuma chakavu kina bei.
Alfajiri hiyo hiyo Mama Nekesa akatutoka,
nami nimesimama chini ya nguzo tupu,
nyundo ya baba mkononi, sina cha kupiga.

Wangeci akatoka jikoni na mfuniko wa sufuria, na mwiko.
Sauti ilikuwa nyembamba, ya aibu,
kama ya mtoto anayechezea vyombo.
Mara moja. Mara mbili.
Kabla ya ya tatu milango ilikuwa wazi
mpaka kule kwenye ploti mpya,
ambako mwanamke nisiyemjua alisimama kizingitini,
kanga moja begani, mswaki ungali mdomoni,
akauliza, "Nije na nini?"

Nimemwandika. Namba mia mbili na nne.
Jina tutamuuliza baada ya mazishi.