Kiti Kilichokatiwa Mwingine

Nililinunua Kranj, kwa kijana aitwaye Tadej:
jekundu, milango miwili, sauti ya mtu mwenye mafua.
Alinipa ufunguo kama anayemkabidhi bibi yake kisu.
"Mama, kiti hiki cha mashindano," akasema.
"Kinakumbatia."

Kweli kilikumbatia.
Kilinibana mbavu kama shangazi anayedai.

Miaka thelathini na minane nimeshona makoti Jesenice:
ya wafua chuma, ya mabwana harusi,
ya padri mmoja aliyeshuka bega la kushoto
(alijua kwamba najua; hatukulitaja kamwe,
nilimwongezea tu pamba upande ule).
Nguo ya mtu mwingine naitambua ikiwa bado kwenye kiango.
Kiti hiki kilikatiwa mwanamume wa miaka ishirini na mitano,
asiye na nyonga,
asiyewahi kuinamia cherehani hadi usiku wa manane
kwa sababu arusi ya watu haingoji.

Siku ya kwanza niliishia Bled.
Nikashuka kwenye kituo cha mafuta, mguu umekufa ganzi,
nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo
nikijifanya nachagua maua kwenye ndoo.
Nikayanunua. Ningefanyaje?

Jirani yangu Slavko akaegemea dirisha,
ana ushauri kuliko alivyo na meno:
sukuma makalio mpaka nyuma kabisa,
kanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limekunjika,
kifundo cha mkono kifike juu ya usukani
na bega lisibanduke.
Haya.
Nilivuta mbele, usukani ukanisoma tumbo.
Nilisukuma nyuma, klachi ikanikimbia.
Nilipandisha, dari likanichana nywele.
Nilishusha,
nikaiona barabara kama mtoto anavyoiona meza ya wakubwa:
ukingo tu, na mvuke wa kitu kitamu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Hiki nilishakikalia. Kunguni nikawajua kwa majina.

Usiku nikaingia gereji na futi, chaki, na taa ya kichwani.
Nikakaa. Nikajipima mwenyewe,
jambo ambalo, niseme kweli, sikuwa nimelifanya tangu Lojze afe.
Kushoto sentimita mbili zaidi ya kulia.
Nikapima tena. Mbili.
Kumbe na mimi, padri, nimeshuka upande,
na hakuna aliyenitajia.

Nikafumua mshono wa ubavuni, nyuzi moja moja,
nikachomoa sponji: kushoto vidole viwili, kulia kimoja.
Nikakipindisha kile kilichobaki, nikakishona upya.
Uzi wa kiwandani ulikuwa mwekundu wa damu,
wangu mwekundu wa nyanya.
Unaonekana. Nimeuacha uonekane.

Jumapili nikapanda Vršič,
kona zenye namba, zilizotandikwa mawe,
matairi yakisaga kama meno ya mtu usingizini.
Kila kona kiti kilinipokea, kikaniachia,
kikanipokea upande wa pili.
Kwenye ya kumi na moja nikagundua
sijauwaza mgongo tangu ya nne.
Na kwa kuuwaza, ukaanza kuuma. Kidogo.
Nikashusha kiegemeo meno mawili.
Ukanyamaza.

Kule juu watu walikuwa wameshuka wote,
wanapiga picha milima, wanapiga picha kondoo.
Bwana mmoja aliyevaa kofia ya baiskeli
akagonga kioo: "Mama, umekwama?"

"Hapana," nikamwambia.
"Nimekaa."

Vile vipande vya sponji viko mezani kwangu.
Navichomeka pini.