Lalia Tundu

Nilimuuliza mara tatu, Mzee Ajiga wa Koboko:
unameza dawa yoyote ya damu?
Mara tatu akasema hapana,
mfua vyuma mzima, anaulizwa vidonge
kama mtoto aliyeiba sukari.

Mkewe akafungua fundo la kitenge.
Aspirini. Kumi na moja, ndani ya karatasi ya daftari.
"Hizi ni za goti," akasema, "si za damu."

Mama, goti na pafu vinakunywa damu moja.

Tukawarudisha kwao. Siku saba.
Daktari Ezaruku hakukemea,
alizungushia tarehe tu kwa wino mwekundu.
Toka Koboko mpaka Arua ni nauli, najua,
na mbuzi aliuzwa kwa safari ile ya kwanza.
Lakini damu iliyosahau kuganda
haimngoji mtu akatafute mbuzi wa pili.

Jumanne wakarudi. Maabara ikasema: inaganda.
Akalala kifudifudi ndani ya duara la mashine,
miguu imepita kitanda.
Kwenye skrini uvimbe, mweupe, sawa na njugumawe,
na mishipa inaupita kando
kama majirani waliokosana.

"Vuta. Toa nusu. Shika hapo."
Akaishika pumzi
kama alivyoshika mvukuto miaka arobaini,
akijua makaa yanataka kiasi gani.

Mshipa hujificha chini ya ubavu,
basi sindano hupita juu, mgongoni mwa mfupa;
sindano ndani ya sindano,
ili pafu litobolewe mara moja
hata nyama ikichukuliwa mara nne.
Na wakati wa kutoka, damu yake mwenyewe,
tuliyoiacha igande kidogo bombani,
ikarudishwa njia ile ile
kufunga mlango nyuma yetu.

Sasa geuka chali, mzee. Lalia tundu.
"Nilalie kidonda?"
Hicho hicho. Uzito wako ndio kizibo.

Akakohoa. Nikashika beseni.
Nyekundu, nusu kijiko cha chai.
Nikasubiri ya pili. Yeye alihesabu vigae vya dari,
akapotea, akaanza upya.
Saa mbili. Haikuja.

Kichupa kimeondoka na basi la usiku kwenda Kampala.
Jibu litakuja likija.
Mlangoni mkewe akanivuta mkono wa gauni, kwa sauti ya chini:
"Sista, na zile za goti?
Zilikuwa kumi na moja."